Pesa za kuhamasisha kura si pesa za mgombea, tuelewane

Kila tukiingia mtaani na fulana zetu za elimu ya uraia swali ni lile lile, nyinyi mumetumwa na nani? Na siwalaumu, manake hapa Lamu ukiletewa fulana na soda karibu na kura basi unajua kuna mtu nyuma yake. Sasa leo nieleze hizi ruzuku, yaani pesa za wafadhili za kufanya watu wengi wapige kura, wampigie nani hilo haliwahusu.

Sharti kubwa ni kuwa hakuna chama. Kikundi kikichukua ruzuku hii hakisemi chagua fulani, hakivai rangi za mtu, na hakiendi mitaa ya mgombea mmoja kikaiacha mingine. Hii ya mwisho ndio ujanja wenyewe, mdomo haujataja jina lakini miguu ishataja. Marekani wameliweka kwenye sheria ya kodi tangu 1954, shirika la hisani likimpigia debe mgombea linaweza kupokonywa msamaha wake wa kodi.

Na huko kwao chaguzi za miji ndizo zinazodharauliwa zaidi. Los Angeles 2013 meya alipatikana na chini ya robo ya wapiga kura ndio walojitokeza, 2015 wakaazi wakakubali kura ya mji iende siku moja na zile kubwa za taifa, na 2022 waliojitokeza wakapita 40%. Hapo fulana hazina sifa, kubwa ni tarehe.

Sisi Kenya siku moja tunayo tayari, MCA (mwakilishi wa wadi kwenye bunge la kaunti), gavana na rais wote pamoja, na bodi ya manispaa haipigiwi kura kwa hivyo ukitaka kusema kuhusu taka na mitaro kura yako ni ya MCA. Lakini 2022 nchi nzima walijiandikisha milioni 22.1 na waliopiga ni milioni 14.3 hivi! Halafu Agosti ni upepo wa kusi, bahari ya Kiunga na Faza munaijua wenyewe inavyochafuka, na kura ijayo ni tarehe 10 Agosti 2027.

Ndio hapo watu hutuuliza, si mutulipie nauli ya boti siku hiyo? Hapana jamani. Hata nia ikiwa safi ukimpa mtu pesa asubuhi ya kura inanuka hongo, na sheria ya makosa ya uchaguzi ya 2016 inataja faini mpaka shilingi milioni 2 au miaka 6 jela au vyote. Pesa hiyo afadhali ifanye kazi mapema, kijana afuatilie kitambulisho chake (bila hicho au pasipoti huandikishwi), na yule aliyejiandikisha Mombasa akiwa chuo na sasa anaishi Matondoni ahamishe kituo chake kirudi nyumbani. Kuandikisha ni kazi ya IEBC, tume ya uchaguzi, peke yao, sisi tunaita watu tu, kwa hivyo mtu akija kukuandika kwenye daftari lake na anataka namba ya kitambulisho, muulize barua yake kwanza, na asipokuwa nayo usimpe hiyo namba, hata kama ni mtoto wa jirani.