Je, wajua kwa nini mtoto anayelala nje huomba kichwa cha samaki badala ya pesa?

Jioni moja nilikuwa nimekaa kwenye kibanda cha samaki upande wa Kirumba, Mwanza. Mezani kulikuwa na sato mzima wa kukaanga, ugali wa dona, kachumbari na pilipili. Sijamaliza hata ubavu mmoja, mtoto wa miaka kama 10 akasimama hatua mbili kutoka mezani, mikono ameificha nyuma. Akasema kwa sauti ya chini:

"Anko, kichwa usile."

Nikampa sh 500. Akaipokea, akashukuru, akabaki amesimama palepale, macho kwenye sahani. Hapo ndipo nilipoanza kujiuliza.

Jibu la kwanza limo ndani ya samaki mwenyewe. Ukanda huu wa ziwa una mazoea yake kuhusu nani anakula sehemu gani. Chukua sangara. Si mwenyeji wa Ziwa Victoria. Alipandikizwa miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa ameongezeka mno, furu wadogo waliokuwa kitoweo cha wengi wakapungua vibaya. Miaka ya 1990 viwanda vya minofu vikashamiri Mwanza. Tangu hapo sangara mmoja hugawanywa kama urithi: mnofu, ambao haufiki nusu ya uzito wake, husafirishwa Ulaya na kwingineko; bondo, ule mfuko wa hewa wa tumboni, huenda China na Hong Kong kwa bei ya kutisha; kinachobaki ni kichwa na mifupa, ndiyo mapanki. Haya hukaangwa au kubanikwa yakauzwa uswahilini, na kuna nyumba nyingi zilizolelewa nayo.

Kwa hiyo mtoto aliyekulia huku anajua tangu mdogo kwamba kichwa ni fungu la asiye nacho. Sato wangu hakupita kiwandani, lakini hesabu ni ileile: dogo aliomba kile alichoona mgeni hatakuwa na uchungu nacho. (Alikosea kidogo. Mashavu ya sato ndiyo matamu kuliko mwili wote, na mimi huyaacha ya mwisho makusudi.)

Jibu la pili ni la usiku. Mwanza ni mji wa stendi, reli na meli. Watoto hufika kutoka Geita, Simiyu, Shinyanga, Mara, hata visiwani, kila mmoja na lake: mzazi kafariki, kipigo cha baba wa kambo, njaa ya nyumbani, au baba mvuvi anayehama mwalo hadi mwalo (pale mitumbwi inaposhushia samaki) mpaka familia ikapotezana. Anayelala barazani kwa watu hana sanduku wala mlango wa kufunga. Sarafu iliyo mfukoni, watoto wakubwa wanaolala nje pamoja naye wataipapasa akisinzia. Wali uliokwisha kushuka tumboni, nani ataupapasa? Ndiyo maana wengine hukaa karibu na meza zetu na si mlangoni kwa benki, ambako pesa ni nyingi zaidi.

Mhudumu alikuja na kitambaa begani kumfukuza. Sikumlaumu sana. Mteja mmoja akilalamika, anayekemewa ni yeye. Ila niligundua kitu: nilipomwambia, "Dada, mletee huyu wali maharage na samaki, bili yangu," kitambaa kilishuka. Dogo akavutiwa stuli, akaletewa maji ya kunawa. Dakika moja nyuma alikuwa kero, sasa ni mteja. Tangu siku hiyo, nikiwa safarini, naagiza sahani badala ya kutoa makombo, na kwa mama lishe huwa naomba kulipa kabisa kabla ya chakula kuja, isije ikawa nimeondoka na dogo naye akaondolewa.

Picha sikupiga. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kuwa mtoto mwenye haki ya utu na heshima, hata akiwa peku na shati la kuchanika. Na ukikutana na mdogo kabisa, mgonjwa, au anayeonekana kapotea leo hii, sahani haitoshi: piga 116, simu ya bure ya kusaidia watoto, au muulizie afisa ustawi wa jamii katika halmashauri.

Dogo alikula haraka, mgongo ukutani, uso barabarani. Samaki wake alimwanzia kichwani. Wali ulipobaki kama robo nikamwambia mhudumu amfungie, akale na wenzake baadaye.

Akatikisa kichwa, mdomo umejaa. "Nikibeba, sili."