Nguruwe hawajawekewa saratani ya mtu

Mara ya kwanza niliisikia redioni nikanyamaza. Mara ya pili ilikuwa saluni, kinyozi akimweleza mteja. Mara ya tatu imeingia kwenye kundi la familia, na aliyeituma ni shemeji yangu, muuguzi wa miaka mingi: "Wazungu wamewawekea nguruwe saratani ya binadamu." Hapo nikaona bora niandike.

Maana yenyewe ni fupi. Nguruwe kielelezo wa saratani ni nguruwe ambaye jeni zake zimebadilishwa kabla hajazaliwa, ili aweze kuota uvimbe unaofanana na wa saratani zetu, watafiti waufuatilie na kuujaribia tiba. Basi.

Kinachonikera ni hicho kitenzi "kuwekea". Yupo mnyama anayewekewa saratani ya mtu kweli, naye ni panya wa maabara. Kipande cha uvimbe wa mgonjwa kinakatwa, kinapandikizwa chini ya ngozi ya panya. Ili kisikataliwe, panya huyo lazima awe aliyepungukiwa kinga, asiye na askari wa kupigana na kitu kigeni. Seli zinazokua ndani yake ni za mtu mwenye jina na faili hospitalini. Kwa nguruwe sivyo. Uvimbe ni wa seli za nguruwe, ndani ya nguruwe, na kinga yake iko kazini. Tiba inayotegemea kuamsha kinga ya mgonjwa utaijaribu vipi kwa mnyama asiye nayo?

Chukua Oncopig, nguruwe kielelezo wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, aliyetangazwa kitaalamu mwaka 2015. Huzaliwa na nakala za jeni mbili za nguruwe, KRAS na TP53, zilizotiwa kasoro makusudi. KRAS huiamuru seli igawanyike, na kwa kasoro hiyo amri haikomi. TP53 ni breki. Kasoro iliyochaguliwa kwenye breki inajulikana sana katika saratani za watu: kwenye protini inayotengenezwa na jeni hiyo, kwa binadamu iko nafasi ya 175, kwa nguruwe ya 167, kama nyumba ileile kwenye mtaa ulioanza kuhesabiwa mbele kidogo. Hata hivyo nguruwe huzaliwa mzima. Mbele ya jeni hizo kuna kizuizi, sawa na koki iliyofungwa. Watafiti wakitaka uvimbe, huchoma sindano yenye virusi vilivyobeba maelekezo ya kutengeneza kimeng'enya kiitwacho Cre, nacho hukata kizuizi, na uvimbe huota pale sindano ilipopita. Kwa hiyo hata kumwita "nguruwe mwenye saratani" ni kumsingizia. Mpaka sindano ifike, ni nguruwe anayekula chakula chake.

Neno jingine linaloponza ni "mfano". Kiswahili kimelipa kazi mbili: "kwa mfano", na mfano kwa maana ya kilichofanana na kingine. Lisikilize, utaona ni ndugu wa kufanana. Ukisema "nguruwe ni mfano wa saratani", msikilizaji anachukua ile kazi ya kwanza, anadhani umemtaja nguruwe kama saratani mojawapo, au kama kinachoileta. Ndiyo maana napenda kielelezo, ingawa mahakamani kielelezo huwa panga lililookotwa eneo la tukio. Au kigezo, neno la seremala: kile kipande alichokwisha kukikata kwa kipimo, anachokilaza juu ya ubao mpya ili apate pa kuchora. Kigezo cha mguu wa kiti si mguu wa kiti.

Na vigezo havilingani ubora. Kuna panya aitwaye Min, aliyeelezwa mwaka 1990, mwenye kasoro kwenye jeni ya APC. Jeni hiyo ikiharibika kwa watu, baadhi ya familia hurithi tatizo la kuota vinyama, yaani vivimbe vidogo vinavyoweza kugeuka saratani, kwa mamia kwenye utumbo mpana. Vya panya Min huota zaidi utumbo mwembamba. Chuo Kikuu cha Ufundi cha Munich kilipoeleza nguruwe wake wenye kasoro ya APC mwaka 2012, vinyama vilikuwa pale pale pa mgonjwa, utumbo mpana na rektamu, sehemu yake ya mwisho, na vikaweza kutazamwa kwa kamera inayopitishwa nyuma. Kamera ya mgonjwa haimwingii mnyama wa gramu 25.

Asichanganywe tena na yule nguruwe aliyetolewa moyo kule Maryland Januari 2022, ukapandikizwa kwa mtu. Huyo alibadilishwa jeni 10, sita kati yake zikiwa za binadamu alizoongezewa, ili mwili wa mgonjwa usiukatae moyo. Wa moyo alipunguzwa unguruwe. Wa saratani anatakiwa abaki nguruwe.

Shemeji nimemjibu pembeni, nisimwaibishe mbele ya wakwe: "Shem, hawajawekewa. Jeni zilizobadilishwa ni za nguruwe, na saratani ikitokea ni ya nguruwe, ila inafanana na yetu." Akajibu: "Sawa, nimeelewa. Na kitimoto ya Ijumaa je?" Nikamwambia nguruwe hao wa saratani hawafugwi kwa ajili ya bucha, aagize tu.