Kauli ya kutendwa katika Kiingereza cha siasa na sheria

Januari 27, 1987, Rais Ronald Reagan alisimama mbele ya Bunge la Marekani kutoa hotuba ya mwaka kuhusu hali ya taifa. Watu walikuwa wakingoja atasema nini kuhusu silaha zilizouzwa Iran kwa siri, na fedha zake kuelekezwa kwa waasi wa Contra kule Nicaragua. Alipofika hapo akasema: "serious mistakes were made". Makosa makubwa yalifanywa. Na nani? Sentensi imeshafika nukta, na sarufi ya Kiingereza haiidai kitu zaidi.

Hiyo ndiyo kauli ya kutendwa. Tunaijua vizuri: "polisi walimkamata mwizi" hugeuka kuwa "mwizi alikamatwa na polisi". Mtendwa anahamia mbele, mtenda anasukumwa nyuma ya "na". Sisi tunapachika -w- ndani ya kitenzi. Kiingereza hakina kiambishi cha namna hiyo, hivyo huunganisha maneno mawili, kama "was arrested", na mtenda akitajwa hutanguliwa na "by". Angalia hilo "akitajwa". Mtenda ni wa hiari. Ukimfuta, sentensi inabaki nzima, wala haichechemei.

Tusiilaumu kauli yenyewe bure. Ukisoma kwamba daraja fulani lilijengwa zamani, huhitaji orodha ya mafundi. Na wanaotaka kumficha mtu wana maficho mengine. Polisi wa Marekani wakimpiga mtu risasi, taarifa mara nyingi huandika "officer-involved shooting", yaani tukio la risasi lililomhusisha askari. Hapo hakuna kauli ya kutendwa hata kidogo, ni nomino tupu, na bado hujui nani alimpiga nani.

Kwenye siasa, nafasi iliyoachwa wazi huwa ni kimbilio. Kwenye sheria mambo ni mazito zaidi, kwa sababu siku moja kesi itafika mahakamani na jaji atalazimika kusema ile nafasi ni ya nani.

Muulize John Barron, aliyekuwa na gati katika bandari ya Baltimore. Jiji lilipotengeneza barabara zake liligeuza mikondo ya vijito. Mchanga ukashuka na maji hadi gatini, kina kikapungua, meli zikashindwa kutia nanga. Biashara ikafa. Barron akadai fidia kwa kutumia Marekebisho ya Tano ya Katiba, yanayosema kwamba mali ya mtu binafsi haitachukuliwa kwa matumizi ya umma bila fidia stahiki. Haitachukuliwa na nani? Maandishi hayasemi. Mtu wa kawaida angejibu: na yeyote mwenye mamlaka, jiji likiwemo.

Mwaka 1833 Mahakama ya Juu ikajibu tofauti. Jaji Mkuu John Marshall alirudi kwenye Ibara ya Kwanza ya Katiba. Sehemu ya 9 inakataza, kwa mfano, sheria ya kumhukumu mtu bila kesi isipitishwe, bila kutaja isipitishwe na nani. Sehemu ya 10 inarudia katazo hilohilo, lakini safari hii inaanza kwa kuyataja majimbo waziwazi. Basi, akasema Marshall, waandishi walipotaka kuyafunga majimbo waliyataja. Wasipotaja, wanaisema serikali kuu peke yake. Barron akatoka mikono mitupu. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, Marekebisho ya 14 ya mwaka 1868 yakamrudisha mtenda mwanzo wa sentensi: "No State shall". Hakuna jimbo litakalofanya hivi wala vile. Safari hiyo hawakuacha pengo.

Kesi ninayoipenda zaidi ni ya mwaka 2009, kwa sababu Kiswahili kinaiona kwa jicho jingine kabisa. Mwanamume aliyeziba uso aliingia benki katika jimbo la Georgia na bastola, akaamuru watu wote walale chini. Akazunguka nyuma ya kaunta, akawa anazoa noti kwa mkono mmoja, bastola iko mkono wa pili. Mara pa! Risasi ikatoboa kizuizi kati ya meza mbili za makeshia. Jambazi mwenyewe alishtuka, akatukana, akatoka mbio. Hakuna aliyeumia.

Sheria ya shirikisho inampa anayebeba silaha katika uhalifu kama huo kifungo kisichopungua miaka 5. Akiitoa kutishia watu, 7. "If the firearm is discharged", 10. Wakili akasema mteja wake hakukusudia kufyatua. Jaji Mkuu John Roberts, kwa niaba ya majaji 7 dhidi ya 2, akasema sheria imeandikwa kwa kauli ya kutendwa, na kauli hiyo huangalia tukio, haimwangalii mtenda fulani, kwa hiyo haiangalii nia yake pia. Miaka 10.

Kwetu hoja hiyo isingepita kirahisi. Kutendwa kwetu kunanusa mtu: bastola ikifyatuliwa, kuna aliyeifyatua, hata kama hatajwi. Tukio lisilo na mwenyewe tumelipa kauli yake, ya kutendeka: bastola imefyatuka, kikombe kimevunjika, maji yamemwagika. Kiingereza hakina mlango huo wa pili kwenye umbo la kitenzi, kwa hiyo "is discharged" inabeba yote mawili. Hata yale maneno ya Reagan, mwandishi wa habari wa Kiswahili mkono wake utakimbilia "makosa yalifanyika", na hapo atakuwa amemsaidia rais kujificha kuliko rais mwenyewe alivyojificha.

Tangu 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria Tanzania, na sheria nyingi zilizotungwa kwa Kiingereza zinapaswa kufasiriwa. Chukua kifungu kama kile cha bastola, kiweke mezani kwa mfasiri. Akiandika "ikifyatuliwa", wakili wa utetezi ana pa kushika. Akiandika "ikifyatuka", ameshamwongezea mtu miaka 3.