Taiming si mlio

Peleka gari ya zamani gereji yoyote ya Ngamiani, Tanga, iwe inalia tiki-tiki pale mbele, na kabla boneti haijakaa sawa kwenye kijiti chake utaambiwa: "Hii taiming imehama." Kesho yake mkanda mpya wa taiming umefungwa, hela imetoka, na tiki-tiki ipo palepale. Hapo ndipo lawama humwangukia mkanda kuwa ni feki.

Taiming ni mpangilio wa nyakati ndani ya injini: pistoni ikiwa wapi valvu ifunguke, ikiwa wapi ifunge, na ikiwa wapi plagi ipige moto. Hupimwa kwa nyuzi za mzunguko wa krenki, ule mhimili wa chini unaozungushwa na pistoni. Basi, maana yenyewe haizidi hapo. Kinachosumbua ni kwamba taiming ziko mbili, na hakuna hata moja kati ya hizo ambayo ni mlio.

Ya kwanza ni taiming ya valvu. Hii inashikwa na mkanda au cheni inayounganisha krenki na kamshafti (mhimili wenye nundu zinazofungua valvu), kwa hesabu kwamba krenki ikizunguka mara mbili kamshafti izunguke mara moja. Mkanda hauhami kidogo kidogo. Unaruka jino zima, na jino moja ni karibu nyuzi 15 hadi 20 za krenki. Dalili zake ni gari kuwaka kwa shida, kukosa nguvu, sailensa (mngurumo wa injini bila kukanyaga eksileta) kuyumba, na kompresheni kushuka silinda zote kwa pamoja. Ukiruka meno mengi, kwenye baadhi ya injini pistoni inakutana na valvu na zinapinda. Tiki-tiki ya kistaarabu kwenye gari inayovuta vizuri haimo katika orodha hiyo.

Ya pili ni taiming ya moto. Kwenye Corolla 110 yenye injini ya 5A-FE unaiseti kwa kuzungusha distribyuta, kifaa kinachogawa moto kwenye plagi. Injini ipate moto kwanza, uunganishe matundu yaliyoandikwa TE1 na E1 kwa kipande cha waya kwenye kile kiboksi cha kupimia chini ya boneti, ubane taa ya taiming kwenye waya wa plagi namba moja (inamweka kila plagi hiyo inapopiga moto), kisha uimulike puli ya krenki: alama isimame kwenye nyuzi 10 kabla ya pistoni kufika juu. Usipounganisha ule waya, kompyuta inaendelea kuupeleka moto mbele na kuurudisha nyuma inavyotaka, nawe unaseti hewa. Wengi wanaruka hatua hii, halafu wanajisifu kwamba wanaseti kwa sikio.

Hiyo distribyuta nayo inazungushwa na kamshafti. Kwa hiyo mkanda ukiruka jino, moto unahama pamoja nao. Fundi akiikuta distribyuta imegota mwisho wa nafasi yake na alama bado haifiki, aache kuilazimisha. Afungue kava la mkanda aangalie alama za puli, maana akiurudisha moto peke yake ameficha ugonjwa wa valvu.

Sasa turudi kwenye tiki-tiki. Injini ikiwa sailensa kwenye mizunguko 750 kwa dakika, kila valvu inafunguka mara 375, yaani zaidi kidogo ya mara sita kwa sekunde. Kwenye injini ya distribyuta, taa ya taiming nayo inamweka kwa mwendo huohuo. Itazame taa huku unasikiliza: mlio ukienda mmoja kwa mmweko mmoja, kwa kawaida unatoka juu, kwenye tapeti (kikombe kinachoisukuma valvu), au ni ekzosi inayovuja. Ukigonga mara mbili kwa kila mmweko, elekeza sikio chini kwenye krenki na beringi zake, na gari usiiwashe tena bila sababu.

Tapeti na ekzosi zina mwendo mmoja, ndiyo maana zinachanganywa. Chomoa soketi ya injekta moja moja injini ikiwa inawaka. Silinda ikizimwa na mlio ukafa nayo, ni gesi inayopenya kwenye gasketi ya manifodi, pale ekzosi inapoungana na injini. Tafuta masizi meusi hapo, na kagua stadi (bolti zinazoishikilia) kama hazijaliwa na kutu. Mlio wa namna hii huwa mkali asubuhi na hupungua chuma kikipata moto na kutanuka. Tapeti yenyewe haijali kama silinda inachoma au haichomi, itaendelea kulia tu.

Tapeti hupimwa injini ikiwa baridi, kava la juu limefunguliwa, nundu ya kamshafti imeipa mgongo valvu unayopima. Ingiza fila geji, kile kibati cha kupimia nafasi: kwa 5A-FE valvu za kuingiza ziwe karibu milimita 0.20, za kutoa karibu 0.30. Zikizidi, unabadilisha shimu, kisahani cha kujazia nafasi hiyo. Hizi si tapeti za oili zinazojirekebisha zenyewe, kwa hiyo dawa ya chupa haiwezi kurudisha hata 0.05. Na heri inayolia! Valvu iliyobana haitoi sauti yoyote. Haikai vizuri kwenye kiti chake, inashindwa kupoa, mwisho inaungua kimyakimya huku mwenye gari akijivunia injini tulivu.

Milio miwili tu ndiyo inayougusa upande wa taiming. Mmoja ni wa cheni, kama ya 1NZ-FE kwenye Vitz na IST: inakwaruza sekunde chache ikiwashwa baridi kwa sababu tensheni yake, kifaa kinachoikaza, inasukumwa na presha ya oili. Sekunde zikiongezeka, au kompyuta ikaandika P0016 (krenki na kamshafti hazilingani), hapo neno taiming ni halali. Kumwaga oili nzito ya 20W-50 ili cheni inyamaze ni kuichelewesha oili kufika kwenye tensheni hiyohiyo. Mwingine ni ule wa sarafu kwenye kopo, unaosikika ukipandisha Mombo kwenda Lushoto, gia kubwa na eksileta imekanyagwa. Huo ni mchomo wa kabla ya wakati au petroli dhaifu. Sailensa huusikii, kwa hiyo kuutafuta gari ikiwa imeegeshwa ni kupoteza mchana.

Kwa hiyo ukifika gereji, mweleze fundi unachokisikia: baridi au moto, mlimani au sailensa, unaongezeka na resi au haujali. Ukitaja taiming kabla hajamulika puli, ndugu yangu, atakuuzia mkanda, na hatakuwa amekudanganya. Wewe ndiye uliyeuagiza.