Kuuliza mahusiano ya klasi kwa Owlready2: mfano wa visumbufu vya mikorosho

Mikorosho inapoanza kutoa maua, bwana shamba wa Newala au Tandahimba huwa na swali moja lililo wazi: ni nini kinachoshambulia maua? Hapa Mtwara najenga ontolojia ndogo (maelezo ya dhana na mahusiano yake ambayo kompyuta inaweza kuyasoma) ya visumbufu vya mikorosho, na swali hilo ndilo ninalolitumia kupima kama ontolojia inajibu kitu cha maana. Wengi wetu tunaoandika Python tukilisikia tunakimbilia klasi tanzu. Jibu haliko huko.

Maktaba ninayotumia ni Owlready2, kazi ya Jean-Baptiste Lamy. Naipenda kwa sababu klasi ya OWL, lugha ya kuandikia ontolojia, inageuka kuwa klasi ya Python, kwa hiyo msimbo unasomeka bila tabu:

```python
from owlready2 import *
onto = get_ontology("http://example.org/mikorosho.owl")

with onto:
    class Kisumbufu(Thing): pass
    class Ugonjwa(Kisumbufu): pass
    class UgonjwaWaKuvu(Ugonjwa): pass
    class Ubwiriunga(UgonjwaWaKuvu): pass
    class SehemuChanga(Thing): pass
    class ShadaLaMaua(SehemuChanga): pass
    class hushambulia(ObjectProperty): pass

    Ubwiriunga.is_a.append(hushambulia.some(ShadaLaMaua))
```

Ukoo wa klasi hauna shida. `Ugonjwa.subclasses()` hutoa watoto wa moja kwa moja tu, yaani UgonjwaWaKuvu, na Ubwiriunga hutauona. Ukitaka kushuka hadi mwisho tumia `Ugonjwa.descendants()`, ukikumbuka kuwa humhesabu na Ugonjwa mwenyewe usipoweka `include_self=False`. Kupanda juu ni `ancestors()`.

Sasa chapisha `Ubwiriunga.is_a`. Utapata vitu viwili vya namna tofauti ndani ya orodha moja: UgonjwaWaKuvu, ambayo ni klasi yenye jina, na `hushambulia.some(ShadaLaMaua)`, ambayo ni sharti. Katika OWL, klasi mbili haziunganishwi kwa mshale wa "hushambulia" kutoka moja kwenda nyingine. Kinachosemwa ni kwamba kila ubwiriunga umo ndani ya kundi la vitu vinavyoshambulia angalau shada moja la maua. Kundi hilo halina jina. Kwenye RDF, muundo unaohifadhi taarifa kama sentensi za vipande vitatu, linakaa kama nodi tupu (isiyo na jina) yenye `owl:onProperty` na `owl:someValuesFrom`, ndiyo maana swali la SPARQL (lugha ya kuuliza data ya RDF) linalotafuta Ubwiriunga, hushambulia, ShadaLaMaua kwa mstari mmoja hurudi mikono mitupu ingawa taarifa imo. Ontolojia kubwa za biolojia, Gene Ontology ikiwemo, zimejaa masharti ya aina hii, kwa hiyo hili si jambo la mikorosho peke yake.

Unaweza kuyafuata masharti kwa mkono:

```python
def vinavyoshambulia(sehemu):
    jibu = set()
    for k in Kisumbufu.descendants():
        for mzazi in k.ancestors():
            for s in mzazi.is_a:
                if (isinstance(s, Restriction)
                        and s.property is hushambulia
                        and s.type == SOME
                        and s.value in sehemu.descendants()):
                    jibu.add(k)
    return jibu
```

Kuna mambo mawili humu ambayo ni rahisi kuyapita. La kwanza, tunapitia `ancestors()` kwa sababu sharti lililoandikwa kwa mzazi linamhusu na mtoto. La pili, na hili nalisisitiza kwa kila ninayefanya naye kazi, tunatazama `sehemu.descendants()`, wala si wazazi wake. Kinachoshambulia shada la maua kinashambulia sehemu changa. Hiyo ni halali. Kinyume chake si halali: ukiandika kwamba ubwiriunga hushambulia baadhi ya sehemu changa, huwezi kutoa humo kwamba hushambulia maua. Huenda ni majani machanga, huenda ni korosho changa. Ubwiriunga kwa kweli hushambulia vyote hivyo, basi viandike vyote, kimoja kimoja.

Hata hivyo kitanzi hicho nakitumia kukagua tu. Hakioni yaliyoandikwa kwenye `equivalent_to`, wala masharti yaliyofichwa ndani ya mengine. Kwa jibu litakalomfikia mkulima, naona ni bora kulipatia swali lenyewe jina na kuiachia injini ya kuhitimisha, yaani programu inayotoa yanayofuata kimantiki:

```python
with onto:
    class KisumbufuChaMaua(Kisumbufu):
        equivalent_to = [Kisumbufu & hushambulia.some(ShadaLaMaua)]

hitimisho = get_ontology("http://example.org/hitimisho.owl")
with hitimisho:
    sync_reasoner()

print(KisumbufuChaMaua.descendants(include_self=False))
```

`sync_reasoner()` huita HermiT, injini ya kuhitimisha, nayo inahitaji Java kwenye kompyuta. Ubwiriunga sasa unatokea chini ya KisumbufuChaMaua ingawa hakuna aliyeuweka pale. Usiiache ile `with hitimisho`. Ukiita `sync_reasoner()` ndani ya `with onto`, yaliyohitimishwa yatahifadhiwa pamoja na uliyoyaandika, na mtaalamu wa mimea akikuuliza "hili nani kalisema?" utakosa la kumjibu.

Limebaki suala la jibu tupu. OWL haichukulii kwamba kisichoandikwa ni uongo. Orodha ya vinavyodhibitiwa na salfa ikikosa mnyauko fuzari, maana yake ni kwamba hakuna aliyeandika lolote. Lakini sisi tunajua kuwa salfa ya unga, inayosaidia dhidi ya ubwiriunga, haidhibiti mnyauko unaoingilia mizizini kutoka ardhini, na mkulima hapaswi kutumia fedha yake kubahatisha. Tukishaongeza klasi za Salfa na MnyaukoFuzari pamoja na uhusiano `hudhibiti`, ukanusho lazima uandikwe waziwazi:

```python
Salfa.is_a.append(Not(hudhibiti.some(MnyaukoFuzari)))
```

Siku mtu mwingine akiongeza `hudhibiti.some(MnyaukoFuzari)` kwa Salfa, endesha tena `sync_reasoner()`, kisha tazama `list(default_world.inconsistent_classes())`. Salfa itakuwa imo humo.