Ayşe evi satmış: nani kakwambia?

Wanafunzi wangu wa Kituruki wakiona sentensi ya maneno matatu hudhani wamepata mteremko. Basi huwapa hii: "Ayşe evi satmış."

Mtendaji kwanza, kisha kitendwa, kitenzi kinafunga. "Ev" ni nyumba. Ile "-i" mwishoni inaonyesha ni nyumba ambayo mimi na wewe tunaijua. Iondoe, useme "Ayşe ev satmış", na inakuwa kauza nyumba tu, yoyote ile. Kwetu ni kama tofauti ya "ameuza nyumba" na "ameiuza nyumba". (Kwamba kiambishi chetu nacho hapa ni "i" ni bahati tu, lugha hizi hazina udugu.) Ila usiifasiri "evi" hapa kuwa nyumba yake. Hiyo ingekuwa "evini".

Utamu wenyewe uko kwenye "satmış". "Sat-" ni uza. "-Mış" inaarifu kwamba kuuza kumefanyika, lakini msemaji hajitii kwenye ushahidi. Kaambiwa, au kapita akaona wageni wanashusha makochi, akajumlisha mwenyewe. Kwa hiyo ni "Eti Ayşe ameiuza nyumba" au "Kumbe Ayşe ameiuza nyumba!", kutegemea mazungumzo yalikotoka. Sisi "eti" na "kumbe" tunaweza kuziacha na sentensi ikasimama. Mturuki lazima achague: akisema "sattı", anaithibitisha habari yeye mwenyewe.

Wanafunzi wengi huja wamekariri kwamba "-dı" (hapa imekuwa "-tı" kwa sababu ya ile t ya mzizi) ni ya ulichokiona kwa macho. Sikubaliani sana. Kitabu cha historia huandika "Fatih 1453'te İstanbul'u fethetti", yaani Fatih (Sultani Mehmed wa Pili) aliiteka Istanbul mwaka 1453, na mwandishi hakuwepo. Kinachopimwa ni nani anaidhamini habari.

Ndiyo maana mtu huweza kutumia "-mış" hata kwa mambo yake mwenyewe. Kashtuka ndani ya basi, kituo chake kimeshapita: "Uyumuşum!" "Uyu-" ni lala, "-um" ya mwisho ni mimi. Kumbe nilipitiwa na usingizi! Na usishangae "-mış" kugeuka "-muş": irabu hufuata mzizi, hivyo utakutana pia na "-miş" na "-müş", na zote nne ni kiambishi kimoja.