Kwa nini mpango kabambe wa mji, ule wa miaka 20, huandikwa upya kabla haujafika mwisho?

Habari ikizagaa Mwanga au Gungu, mitaa ya Kigoma-Ujiji, kwamba ramani ya mji inabadilishwa, swali la kwanza la kila mwenye nyumba ni moja: yangu imeangukia rangi gani? Nami kwa miaka mingi niliamini kwamba mtaa ukipakwa zambarau, rangi ya viwanda, basi wenyeji wake wameshahamishwa kwenye karatasi na tingatinga liko njiani. Niliamini pia kwamba mpango ukifumuliwa katikati ya safari, ule wa mwanzo ulikuwa umeshindwa. Nilikosea mara mbili.

Tuanze na rangi, maana ndiyo inayowanyima watu usingizi. Mpango kabambe hautwai ardhi ya mtu. Kwa Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007, ni dira ya halmashauri: makazi yaelekee wapi, soko likae wapi, barabara kuu ipite wapi, bonde lipi lisijengwe. Chini yake huja michoro ya kina, na humo ndimo kiwanja kimoja kimoja huonekana. Serikali ikitaka ardhi yako kwa manufaa ya umma, inapita njia nyingine kabisa, Sheria ya Utwaaji Ardhi ya mwaka 1967, yenye taarifa, uthamini na fidia. Na ile alama ya X kwenye kuta za kando ya barabara inatokana na hifadhi ya barabara, ambayo ina sheria yake ya mwaka 2007. Ni karatasi tofauti, ofisi tofauti, haki tofauti. Lakini rangi si pambo. Ukiomba kibali cha kujenga au cha kubadili matumizi ya kiwanja, afisa mipango miji ataifungua ramani hiyo kwanza.

Sasa hilo la kuandika upya. Mama anayemshonea mtoto sare ya shule humwambia fundi aache upindo mrefu. Mtoto akirefuka, upindo unafumuliwa, sketi inashuka, mwaka unapita. Hakuna anayesema sketi iliharibika. Upindo uliwekwa ili ufumuliwe. Mpango wa mji nao hushonwa hivyo. Njia ya barabara pana huachwa wazi wakati pale ni mashamba ya mihogo, kwa kuwa kuiacha leo ni nafuu kuliko kulipa fidia ya nyumba 200 baadaye. Shida huja mtoto akinenepa badala ya kurefuka. Upindo uko chini, nguo inabana kifuani. Hapo fundi hana budi kumpima upya, na kazi yenyewe hasa ya kuhuisha mpango ni hiyo: kuhesabu watu upya, kutazama wamejenga wapi kweli, kisha kuhamisha akiba ya ardhi ikae mji unakobana. Mitaa iliyokwisha kujaa huingia kwenye urasimishaji, yaani kupima na kumilikisha makazi yaliyojengwa bila mpango, au uendelezaji upya, kwa sababu huko hakuna tena cha kufumua.

Kigoma-Ujiji umewahi kupimwa upya kwa nguvu. Ujiji ndio uliokuwa mji mkubwa wa biashara. Reli ya Kati ilipofika ziwani mwaka 1914 ilikwenda kuishia kwenye ghuba ya Kigoma, yenye kina na kinga dhidi ya mawimbi, na uzito wa mji ukahama nayo. Mkataba wa reli ya kisasa kutoka Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ulisainiwa Desemba 2022. Mpango uliochorwa kabla yake huenda haukuitengea stesheni yake nafasi.

Na kuna ziwa, ambalo kwangu ndilo la ajabu kuliko yote. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Ufuko upi? Mwishoni mwa miaka ya 1870 maji ya Tanganyika yalipata njia ya kutokea Mto Lukuga, na katika miaka iliyofuata yakashuka kwa takriban mita 10. Ndiyo maana kumbukumbu ya mpelelezi Livingstone, aliyekuwa pale Ujiji kabla maji hayajashuka, leo iko mbali na maji. Mwaka 1964 ziwa lilipanda sana, na miaka hii ya 2020 limepanda tena. Haimaanishi litapanda daima. Hupanda na kushuka. Lakini mchoraji lazima aweke mstari mmoja, na akipima kutoka ufuko wa mwaka mkavu, mita 60 zake zinaweza kuwa majini mwaka wa mvua nyingi.

Sheria inataka wananchi wasikilizwe kabla mpango haujaidhinishwa. Siku rasimu itakapoletwa Kibirizi, kando ya ziwa, mzee anayeweza kunyoosha kidole na kusema maji ya 1964 yaliishia hapa, atakuwa ameleta kipimo ambacho picha ya satelaiti ya mwaka jana haina.